Nilikuwa naisingizia brandi kubwa, kumbe duka langu lilikuwa linavuja mlangoni

Siku kaka yangu alipokuja dukani kuulizia hela yake mi nilikuwa nimeshajipanga. Alinikopesha mtaji, tukakubaliana namrudishia kidogo kidogo, na hapo miezi mitatu ilikuwa imekatika sijampa kitu. Akakaa kwenye kile kistuli cha wateja, akaangalia makabati, akasema "haya mdogo wangu, nieleze." Nikanyoosha kidole kwenye kabati la juu lenye taa ambako nilikuwa napanga simu za ile brandi ambayo kila mtu anaitaka (jina siitaji, sitaki kesi) nikamwambia "kaka, hawa ndo wananiua."

Na maneno nilikuwa nayo ya kutosha. Toleo jipya halina tofauti na la mwaka jana, mteja analigeuza geuza mkononi kisha anarudisha. Bei inapangwa huko juu, mi naachiwa faida nyembamba kama karatasi. Wenyewe wanauza moja kwa moja kwenye intaneti, kwaiyo mtu anakuja kwangu kuishika simu, anaipiga picha, anaenda kuiagiza kwao. Na mzigo ukija nataka nyeusi naletewa rangi ambayo hamna mtu anaulizia. Nikamaliza, nikajiona nimeongea point tupu.

Kaka hakubisha hata moja. Akaniuliza tu, "Mwezi uliopita uliuza kava ngapi?" Sijui. "Protekta?" Sijui, nyingi nyingi. "Walioingia wakatoka hawajanunua kitu ni wangapi, na walikuja kutafuta nini?" Hapo nikacheka, nani anahesabu watu ambao hawajanunua. Akasimama, akasema "sasa we umejuaje anayekuua ni nani?" akaondoka, na hela hakuitaja tena. Bora angeitaja.

Usiku huo sikulala vizuri, nikaingia kwenye simu nikawa natafuta wenzangu waliokwama kama mimi. Nikakuta habari ya Target, yale maduka makubwa ya Marekani, mwezi wa 8 mwaka 2016. Mauzo ya maduka yao yaliyokuwepo tangu mwaka uliotangulia yalishuka asilimia 1.1, na bosi wao wa wakati huo Brian Cornell akasema upande wa vifaa vya elektroniki umeporomoka na bidhaa za Apple peke yake zimeshuka zaidi ya asilimia 20. Aisee nilifurahi! Nikasema unaona, hata majitu wanalia kilio changu. Na ni kweli mwaka ule simu zilikuwa zimepoa, maana Apple wenyewe mwezi wa 4 walikuwa wametangaza robo mwaka (yaani miezi mitatu) waliyouza iPhone milioni 51.2 wakati robo kama hiyo mwaka uliotangulia waliuza milioni 61.2, na ilikuwa mara ya kwanza iPhone kushuka hivyo tangu izaliwe 2007.

Ila nilivyoendelea kusoma furaha ikaanza kuisha. Target hawakutaja Apple peke yake. Siku hiyohiyo walisema watu wanaoingia madukani wamepungua, na upande wa chakula nao ulikuwa haujakaa sawa. Yaani Apple ndo jina lililobebwa na vichwa vya habari, lakini ndani ya maelezo kulikuwa na mengine kibao. Nikajiangalia, mi ndo niko vilevile, nimeshika jina kubwa kwa sababu ni rahisi kulishika.

Kesho yake nikachukua daftari la shule la kurasa nyingi nikalifunga kamba kwenye kaunta karibu na mlango. Nikamwambia kijana wangu wa dukani, kila anayetoka mikono mitupu andika alichouliza, kwa maneno yake mwenyewe, usipambe. Kijana akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Bosi, tuwaandike hata wanaouliza njia?" Hao waache.

Wiki ya kwanza tulisahau sana, wiki ya pili tukazoea. Nanukuu baadhi ya mistari maana daftari bado ninalo hapa, mwandiko wa kijana ni wa kuku lakini unasomeka: "anataka waya taipu C ya kuchaji laptopu, hatuna." "Simu yake haikai na chaji, anauliza betri, hatufanyi." "Kava ya simu ya mwaka juzi, tuna za mwaka jana tu na za zamani sana." "Kichwa cha chaja, kilichobaki ni cha kuonyeshea." "Betri tena." "Anataka kutoa simu yake ya zamani aongeze hela." "Betri." "Betri huyu wa tatu leo."

Katika wiki mbili nzima waliokuja kuuliza ile simu kubwa kabisa wakashindwa kwa ajili ya bei au rangi walikuwa wachache, wanaenea kwenye vidole vya mikono. Waliotafuta vitu vidogo ambavyo sina walijaza kurasa. Mi mwenyewe nilikuwa nimesimama palepale kaunta miezi yote hiyo nikisema "hamna mama," "imeisha bro," "jaribu duka la mbele," na sikusikia mdomo wangu unachosema.

Kuna mama mmoja simsahau. Kaja na simu ya brandi hiyohiyo, toleo la miaka mitatu nyuma, kaifunga mpira wa noti, ule wa njano. Nikamuuliza mpira wa nini mama, akasema "mwanangu kioo kinanyanyuka, nikiachia kinafunguka kama dirisha." Nikatoa mpira, kweli, betri ilikuwa imevimba mpaka imesukuma kioo nje, pembeni unaona gundi imekatika na ndani kuna kitu kimejaa kama mto. Nikamwambia asiichaji tena na asiibonyeze. Nikamwambia pia, kwa sauti yangu ya kibiashara, kwamba toleo jipya limeingia. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema "hii haina shida mwanangu, inapokea kila kitu, ni betri tu." Akaondoka na mpira wake, kijana akaandika: "betri, imevimba."

Huyo mama alinielimisha kuliko wakala wa mauzo. Simu za saivi hazifi haraka. Google mwaka 2023 walivyotoa simu yao ya Pixel 8 waliahidi miaka 7 ya masasisho ya programu, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024 miaka 7 vilevile, na Apple walishakuwa na kawaida ya kuhudumia simu zao kwa miaka mingi. Programu inaishi miaka 7 lakini betri ya lithiamu haiishi hivyo, ukishaichaji mara mia kadhaa inaanza kuchoka, mwaka wa pili wa tatu mtu anatembea na pawabenki kama mgonjwa na dripu. Sasa mtu simu yake nzima, inasasishwa, picha inapiga vizuri, we unamlaumu hanunui mpya? Mi nilikuwa nasubiri simu zao zife ili nile, na zilikuwa zimegoma kufa.

Nikaingia stoo. Hapa sitasema sana maana aibu. Kulikuwa na maboksi matatu makubwa ya kava za matoleo ambayo hata wenye nazo wameshazitupa, na waya za pini za zamani zimefungwa mafungu mafungu, vumbi juu. Mtaji wa kaka yangu ndo ule, umelala. Na hizo waya siwezi kusema nilishtukizwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kutaka simu zote ziwe na tundu la chaji la aina moja, taipu C, ilipitishwa 2022 na ikaanza kazi tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 2024, laptopu zikapewa mpaka mwezi wa 4 wa 2026. Watengenezaji hawatengenezi simu ya Ulaya peke yake na ya wengine peke yake kwa tundu tu, kwaiyo kila mtu alikuwa anaona linakuja. Mi niliona pia, niliisoma hiyo habari, nikaenda kuagiza boksi jingine la pini za zamani kwa sababu muuzaji wa jumla alinipunguzia bei. Alikuwa anatoa takataka zake stoo kwake anaingiza kwangu, na nikamshukuru!

Vichwa vya chaja ndo usiseme. Apple waliacha kuviweka kwenye boksi tangu 2020, Samsung kwenye simu zao kubwa wakafuata 2021. Yaani kila anayenunua simu kubwa anatoka na waya bila kichwa, popote alipoinunua, hata kama kainunua kwenye mtandao wa wenyewe. Yule niliyekuwa namchukia kwa kuja kushika simu kwangu na kuagiza kule, alikuwa anarudi wiki inayofuata kutafuta kichwa na kava na protekta, na mi sina.

Basi nikaanza. Kwanza kava na waya za zamani nikauza kwa bei ya kutupa, nyingine nikazigawa kwa mafundi, hela iliyorudi ndogo lakini kabati likapumua. Kabati lenye taa nikalishusha, simu kubwa nikabakiza za maonyesho mbili, nyingine mteja anaweka oda na anatanguliza hela ndo naleta, rangi anachagua yeye. Nilidhani wakala atanikasirikia, hakukasirika wala nini, alisema maduka mengi siku hizi yanafanya hivyo. Miaka yote najaza kabati kwa heshima tu.

Halafu nikamtafuta fundi. Si wa kumwajiri, tulielewana akae kwenye kona yangu, meza yake, taa yake, vifaa vyake, tunagawana kwa kazi. Tukaanza na betri, vioo na sistimu ya chaji, basi, hayo mengine ya kuchoma choma bodi hapana. Ndoo ya mchanga iko chini ya meza kwa ajili ya betri zilizovimba, fundi alinigombeza siku nilipoweka ufagio juu yake. Betri tunaandika kwenye risiti kwamba siyo ya kiwandani kama siyo ya kiwandani. Mwanzoni niliona tutafukuza wateja, wengine kweli wanaondoka, ila anayebaki harudi kugombana.

Kwenye simu zilizotumika niliungua. Nilitangaza njoo na ya zamani uongeze hela, jamaa mmoja kaja na simu safi, imeshafutwa, inang'aa, nikampunguzia hela nzuri kwenye mpya akaondoka. Kuiwasha, inadai akaunti ya mwenyewe. Kumbe kufuta kupitia vitufe hakuondoi akaunti, simu inabaki imefungwa na haikusaidii kitu zaidi ya kuing'oa vipuri. Namba aliyoniachia haipatikani mpaka leo. Tangu siku hiyo mtu anatoa akaunti yake mbele yangu, anafuta kwenye mipangilio mbele yangu, tunaiwasha mpaka ukurasa wa mwanzo, nanakili namba ya IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe) na anasaini, ndo tunaongea hela. Wanaokasirika kwa hilo nawaacha wakasirike.

Sasa mauzo ya ile brandi kubwa dukani kwangu hayajapanda. Yameshuka hata zaidi ya pale nilipokuwa nalia, kwa sababu siweki tena mzigo, na yale malalamiko niliyompa kaka kuhusu faida na rangi bado ni ya kweli kabisa, nikikutana nao nawaambia hivyohivyo usoni. Lakini robo tatu ya wanaoingia siku hizi wameshika simu zao hizohizo mkononi, wanataka betri, wanataka kioo, wanataka waya, na wakisubiri fundi amalize wanazunguka makabati. Hapo ndo kava zinatoka. Saivi ukiniuliza mwezi uliopita niliuza kava ngapi nafungua daftari, maana lile la kwanza limejaa, niko la tatu.

Yule mama alirudi pia. Si kwa sababu alisikia habari zetu, alikuwa anapita tu akaona kibao cha betri. Simu bado ina mpira, safari hii mipira miwili. Fundi akaifungua taratibu, akatoa betri na koleo la plastiki akaiweka kwenye mchanga, akaweka mpya, akabandika kioo. Mama akakaa kwenye kile kistuli dakika kama arobaini anatusimulia wajukuu. Alipoiwasha ikaleta picha zote, akaniuliza "si nilikwambia haina shida?" Akanunua kava, akaomba arudishiwe mipira yake.

Kaka nimeanza kumrudishia. Mara ya mwisho alikuja akakaa, akalichukua daftari akaanza kulisoma kutoka nyuma, akafika kwenye mstari mmoja akacheka. Nikachungulia. Kijana alikuwa ameandika: "anataka spika ya redio ya gari, huyu ni wa nne." Nikamwambia kaka hizo hatuuzi. Hakujibu, akanisogezea daftari.