Mauser iliyong'aa kupita kiasi

Jumamosi nimeponea chupuchupu kuuziwa bunduki iliyochezewa! Kwenye maonyesho ya silaha za kale hapa Pennsylvania nimekutana na bunduki ya Kijerumani, Mauser ya 1871, ile ya risasi moja moja, milimita 11. Askari wa Mjerumani kule kwetu Afrika Mashariki walikuwa bado nazo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, na baruti yake ilitoa moshi hadi adui akajua ulipojificha. Muuzaji akaapa hii ilipigana Tanga.

Nikawasha tochi ya simu. Namba ya mtutu imefifia kwa uzee, ya bolti (komeo linalofunga risasi ndani) inalingana nayo, lakini kali kama imegongwa jana; yaani imegongwa upya ili zifanane. Kitako kimepigwa msasa na vanishi, mihuri imebaki kivuli, na chuma kimeinuka juu ya mbao iliyoliwa. Rangi nyeusi imeingia hadi ndani ya vishimo vya kutu; yaani imepakwa baadaye. Na Tanga? Hakuna karatasi, hakuna alama ya kikosi. Maneno matupu.

Meza ya jirani kulikuwa na nyingine: ya kahawia, imekwaruzika, haijaguswa, namba zinalingana hadi kwenye skurubu. Bei mara mbili. Nimerudi na picha tu 😅