Vinyama vya pua: nilivyoijua dawa itakayonikubali

Kila mwenye pua ana ushauri wa pua. Mmoja aliniambia nijifukize, mwingine nikate tu vinyama yaishe, wa tatu akaapa kwamba dawa ya kupuliza iliyomponya yeye itaniponya na mimi. Wenye vinyama vya pua, yaani uvimbe laini unaoota ndani ya pua, hatufanani! Wapo ambao uvimbe wao unaongozwa na seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, na hao steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, huwakubali upesi. Wengine uvimbe wao umejaa nyutrofili, seli nyeupe za aina nyingine, na steroidi zilezile huwasaidia kidogo tu.

Mimi dalili zangu zilikuwa za kundi la kwanza: pumu iliyoanza ukubwani, pua imeziba pande zote mbili, harufu nimezisahau kabisa. Tena aspirini ilikuwa ikinibana kifua. Pumu, vinyama na aspirini ya kubana kifua vikikutana, vinyama hupenda kurudi hata baada ya upasuaji, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, kama diklofenaki au ibuprofeni, nazo si za kumezwa.

Kichekesho ni kipimo cha damu. Nilipelekwa maabara nikiwa katikati ya vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi, pua imefunguka, nanusa hadi sabuni ya jirani. Majibu yakaja: eosinofili karibu sifuri. Daktari aliyeyasoma akaguna, akasema uvimbe wangu si wa aina ile, steroidi hazitanifaa. Nikamwangalia. Nilikuwa nimekaa mbele yake napumua kwa pua kwa sababu ya hizohizo steroidi! Vidonge hivyo hufagia eosinofili kwenye damu ndani ya saa chache; kumpima mtu akiwa anavimeza ni kuhesabu panya huku paka yumo chumbani. Niliomba kipimo kirudiwe baadaye, dozi ikiwa imemalizika kama ilivyoandikwa. Safari hii zilipita 300 kwa mikrolita, na 150 tu zinatosha kutia shaka. Karatasi ile niliibandika mlangoni, wala sioni haya.

Lakini damu peke yake haitoshi. Minyoo na mzio navyo hupandisha eosinofili. Kinyama chenyewe kikitazamwa kwa hadubini husema zaidi, na changu kilisema hivyohivyo kilipokatwa. (Kinyama cha upande mmoja tu ni habari nyingine, kikaguliwe mapema.)

Ujanja ninaojivunia ni wa chupa. Nilichukua vichupa vinavyofanana, nikavifunga karatasi, kila kimoja kikawa na pamba yenye harufu yake: kahawa, karafuu, sabuni, ganda la limau. Pamba ni lazima, maana punje za kahawa hugonga chupa na masikio yangu ni mepesi kuliko pua. Mtoto anavichanganya, mimi nafumba macho, nanusa, nataja, yeye anaandika huku akicheka. Pamoja na hilo nilijaza ile fomu ya maswali 22 ya pua, kila swali alama 0 hadi 5. Jumla ya alama ikipungua kwa 9 hivi, hapo kuna nafuu ya kweli. Dawa ya kupuliza peke yake ilinishushia 3 na chupa zote zilikuwa hewa tupu. Haishangazi: vinyama vikiziba njia, dawa itapitia wapi? Baada ya upasuaji, nikisafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, yametiwa steroidi iitwayo budesonidi, karafuu ilirudi kwanza. Limau lilinichelewesha mno.

Sindano ya dupilumabu, dawa ya kutuliza uvimbe wa aina hii yangu, iliyoidhinishwa Marekani kwa vinyama mwaka 2019, niliiulizia bei nikafunga mkoba. Hata hivyo daftari naendelea kulijaza. Vinyama vikirudi na fedha ikapatikana, faida ya sindano ile hupimwa kama miezi 6 baadaye, na asiye na alama za kuanzia atalinganisha na nini?