Nilienda Nuuk kuiona barafu inayouzwa Dubai

Mtoto wa mjomba wangu anafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja Dubai. Usiku mmoja akanitumia voisi, "Dada, unajua leo nimemwekea mteja barafu ya miaka laki moja kwenye glasi? Imetoka Greenland kwa meli." Nikadhani utani. Nikatafuta mtandaoni nikakuta ni kweli, kuna kampuni ya Wagreenland wenyewe inaitwa Arctic Ice, ilianzishwa 2022, na mapema 2024 shehena yake ya kwanza ikafika Dubai, kama tani 20 hivi, na wanasema barafu yenyewe inaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100,000.

Ile habari ilinikaa vibaya. Mimi nimezaliwa Marangu, nimekua naiona Kibo asubuhi kabla mawingu hayajafunga, mama anasema alipokuwa msichana weupe ulishuka chini sana kuliko sasa, halafu UNESCO 2022 wakatoa ripoti kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imeisha ifikapo 2050. Kwahiyo nikisikia barafu imegeuka pambo la glasi naumia, siwezi kuficha.

Naishi Denmark, natunza wazee, na tangu Novemba 2024 kuna ndege inatoka Copenhagen mpaka Nuuk, mji mkuu wa Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, moja kwa moja, zamani kwa kawaida ulibadilisha ndege uwanja wa Kangerlussuaq. Nikadunduliza, Julai 2025 nikaenda. Najua ndege nayo inachafua hewa, nililiwaza hilo wiki kadhaa, mwisho nikaamua bora niende mara moja nione kwa macho yangu kuliko kubishana na watu nikiwa sebuleni.

Nuuk ni mji mdogo, watu kama elfu 20, nyumba za rangi zimepandwa juu ya mawe, mlima Sermitsiaq umesimama mbele kama mlinzi. Sikukaa sana mjini. Kesho yake nikapata boti ya mama mmoja wa makamo, nahodha, anachukua watu wachache kuingia ndani ya Nuup Kangerlua, ule mkono mrefu wa bahari unaopita katikati ya milima mpaka kwenye barafu kuu. Tulikuwa wanne. Nilivaa sweta mbili na koti na bado upepo ulinipata mpaka kwenye meno.

Baada ya kama masaa mawili mapande ya barafu yakaanza. Mengine makubwa kama ghorofa, mengine kama friji, mengine kama ngumi, yametulia tu majini na ule ubluu kwenye nyufa ambao sijawahi kuuona popote. Mama akazima injini. Ndo nikasikia, maji yote yale yanachemka taratibu, yani kama mafuta ya maandazi yakianza kushika moto, tisss, tak, tak. Akaniambia kwa Kidenishi hizo ni hewa, theluji ilianguka zamani ikakandamizwa na uzito wa theluji nyingine ikafungia hewa ndani, sasa barafu ikiyeyuka vipovu vinapasuka. Akavuta kipande cheupe kwa wavu akanipa mkononi, nikakiweka sikioni. Kinaongea. Nikakaa nacho mpaka vidole vikafa ganzi sikutaka kukiachia, kwasababu nilikuwa nawaza hewa hii ilivutwa mara ya mwisho na nani, kama kuna aliyeivuta. Wanasayansi wametoboa barafu ya Greenland mpaka kwenye mwamba, kilomita 3 kwenda chini, ili wasome hewa hiyohiyo wajue dunia ilikuwaje, na mimi imenipasukia sikioni bure.

Halafu akanionyesha barafu ya aina ya pili. Hii ilikuwa ngumu kuiona hata alipoinyooshea kidole, imezama karibu yote, haina weupe, inaonekana nyeusi kwasababu unaona maji ya chini kupitia ndani yake. Wavuvi wanaiogopa, boti ikiigonga kwa kasi imetoboka. Alipoitoa ilikuwa kama kioo, safi kabisa, haina kipovu hata kimoja, na haitoi sauti. "Hii ndo wanayochagua," akasema. Arctic Ice wanaitafuta kwa meli yenye winchi, wanaokota vipande vilivyokwisha kukatika vinavyoelea, wanapima sampuli, inapakiwa kwenye makontena ya friji kwenda Denmark kisha Dubai. Kampuni inajitetea kwamba makontena hayo mengi yangerudi matupu tu, maana Greenland inaagiza vitu vingi kuliko inavyouza. Hapo hawafanani na wale wezi wa barafu wa Chile wa 2012, polisi walikamata lori la friji na tani kama 5 za barafu iliyoibwa kwenye mto wa barafu wa Jorge Montt, ndani ya hifadhi ya taifa, ikidhaniwa inapelekwa baa za Santiago.

Nikamwambia mama mimi jambo hili linaniuma. Akanitazama akasema, sisi tunaichukua hii tangu mababu, kuna vijiji mpaka leo wanayeyusha barafu hii inayoelea wanywe, nyumbani kwangu ipo ndani ya friza, nyie wa Ulaya mlikuwa wapi? (Nikacheka kidogo moyoni kuitwa wa Ulaya.) Akasema ruzuku ya Denmark inabeba kama nusu ya bajeti ya serikali yao, zaidi ya hapo ni samaki na kamba, sasa kijana wa hapa akipata cha kuuza anatukanwa mitandaoni na watu wenye magari mawili.

Sikuwa na jibu la haraka. Na ukweli tani 20 hazipunguzi kitu, Greenland inapoteza wastani wa tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka, nilipiga hesabu palepale kwenye simu, ni zaidi ya tani 8,000 kila sekunde. Kwahiyo sina ugomvi na muuzaji tena, nimeuacha kule majini. Ugomvi wangu ni na anayeinywa kule mezani. Dubai maji yanatolewa baharini yanachujwa chumvi kwa nishati nyingi, mashine ya barafu iko hatua mbili kutoka kwa ndugu yangu, kiu inaisha vilevile. Kinachonunuliwa ni umri. Kitu kimekaa miaka elfu na elfu, joto letu linakibomoa, halafu kinavushwa nusu ya dunia kiyeyuke tena kwa dakika kumi ili mtu aseme alikinywa. Huyu mama akiyeyusha ndoo moja anakunywa maji ya maisha yake ya kila siku hapa. Sio kitu kimoja, hata kama barafu ni ileile.

Tukanywa chai. Akavunja kile cheupe kwa nyundo ndogo, akatia kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, kikapigapiga mpaka kikaisha, akaweka majani na sukari nyingi. Haikuwa na ladha ya ajabu, ilikuwa chai nzuri ya moto kwenye baridi. Ile nyeusi akairudisha majini kwa mikono miwili, polepole, haikurusha hata tone.

Kabla hatujawasha injini nikarekodi ule mchemko wa bahari, sekunde arobaini, na jioni nilipopata mtandao nikamtumia ndugu yangu. Akasikiliza akaniuliza ni nini hicho kinachopasuka. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, akajibu, "Ya huku kwetu haina sauti kabisa dada."