Diski ilijaa, na harusi za watu zimo ndani

Nilirudi Chake Chake usiku wa Jumapili kutoka harusi ya Wete, miguu imevimba kwa kusimama, mkobani nina memori kadi mbili za giga 64, zote zimejaa. Nikachomeka diski ya bekapu, yaani ya kuwekea nakala za akiba, nimwage kazi nikalale zangu. Kompyuta ikaniambia nafasi haitoshi. Harusi ilikuwa giga 118. Diskini zimebaki 11.

Mie narikodi shughuli za wanawake: kusingwa, kupambwa, ukumbini usiku wanapokuwa wanawake watupu. Kamera yangu naiweka megabiti 100 kwa sekunde, kwa hivyo saa moja inakula giga 45. Diski imeandikwa tera 1, lakini Windows inakuonesha giga 931. Hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Ukizigawa hizo 931 kwa harusi kama ile ya Wete, hazifiki harusi nane. Na mie baada ya Idi siku nyengine sipati hata nafasi ya kufua nguo.

Mpwa wangu, mtoto wa skuli, akanambia, "Shangazi, si upandishe kwenye wingu tu?" Nikampigia hesabu. Intaneti yangu ikiwa na siku njema inapandisha megabiti 5 kwa sekunde. Harusi moja ingechukua zaidi ya siku mbili usiku na mchana. Na hata ingekuwa dakika mbili, nisingepandisha. Mle ndani mna watu nywele wazi, mna mabibi wanacheza ngoma ambayo waume zao hawajapata kuiona. Wameniachia mie, hawakuiachia kompyuta ya mtu nisiyemjua. Kwa sababu hiyohiyo sipeleki mashine yangu kwa fundi. Fundi wengi wa hapa mjini ni wanaume, na akitengeneza atafungua mafaili ajaribu, ndiyo kazi yake. Basi nikabaki na balaa langu mwenyewe.

Asubuhi nikafuta harusi tatu za zamani ambazo wenyewe walishachukua filamu zao. Nikatazama nafasi: 11 vilevile! Nikatoa diski, nikachomeka tena, 11. Ilinichukua muda kujua kwamba Windows ukifuta kitu kwenye diski ya nje, haikitoi. Inakiweka kwenye pipa la taka lililofichwa humohumo diskini, na kinaendelea kula nafasi mpaka ulimwage pipa.

Kidole kilikuwa juu ya kumwaga. Sijui nini kilinifanya nifungue laptopu kwanza nihakikishe zile harusi tatu zimo. Hazimo. Nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa tarehe, hamna kitu. Ndipo nikakumbuka: miezi yote ile laptopu ikijaa, mie nilikuwa nakata na kubandika, sikopi. Nikiita ile diski "bekapu" kwa mdomo tu. Ilikuwa ndiyo ghala lenyewe, nakala moja ya pekee ya kazi yangu yote, kitu kikubwa kama simu, tena siku moja kilishanianguka sakafuni. Jasho likanitoka. Nikazirejesha zile harusi kutoka pipani moja moja, na tangu hapo silimwagi pipa hilo kabla ya kutazama kwengine.

Sasa, nafasi bado sina. Mtu alinishauri nizibane folda ziwe zip. Nikajaribu moja ya giga 40. Mashine ikahema mpaka adhuhuri, ikatoka 39 na kitu. Video imeshabanwa ndani ya kamera, huna tena cha kuibana. Kilichonisaidia ni kupanga mafolda kwa ukubwa. Nikakuta programu ya kuhariri imejiwekea vipande vya muda vya kuchezea video wakati nakata, giga 96, kwa kazi ambazo zilishakwisha zamani. Vile ukivifuta programu huvitengeneza upya ikivihitaji. Nikakuta pia "Final", "Final mpya" na "Final ya kweli" za harusi moja, na nyengine "Final ya kweli 2", ambayo hata sikumbuki ilikuwa na ukweli gani zaidi ya mwenziwe. Nikabakisha iliyopelekwa kwa mwenyewe. Harusi ya Wete ikaingia.

Lakini ilikuwa lazima ninunue diski, tena mbili. Nikaziagiza Unguja, Darajani, za tera 2, zikaja kwa boti. Kabla ya kuzitia kitu nilizijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza diski yote kisha inasoma ilichoandika. Nilishawahi kuuziwa flashi ya bei ya mchele wa kilo chache, imeandikwa tera 2. Windows inaiona tera 2 kwa sababu imefundishwa kusema uongo, na ukipita kiasi chake halisi mafaili yanabaki majina tu. Diski moja ilianza baada ya Isha, ikamaliza saa nne asubuhi. Nzima.

Siku ya kukopi umeme ukakatika. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hali imekuwa nzuri mno kuliko zamani, lakini kukatika unakatika. Diski inakula chaji ya laptopu, na betri yangu imechoka. Ikazima katikati. Faili lililokatika njiani lilikuwa pale na jina lake zuri tu, halifunguki. Siku hizi nikimaliza kukopi natazama pande zote mbili, idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa, mpaka zilingane. Kadi ya kamera haifutwi kabla ya diski zote mbili kuwa nayo.

Moja ninayo mie, moja iko Wawi kwa mama, kwenye kasha la kanga zake. Na wateja nawaambia mapema: video mbichi nakaa nazo miezi mitatu, kisha nafuta nabakisha filamu iliyokwisha, ambayo kwa megabiti 10 saa mbili ni giga 9 tu.

Yule mama wa bi harusi wa Wete hakungoja miezi mitatu. Alikuja mwenyewe kuchukua filamu, akavuta kiti.

"Mwanangu, hizo nyengine zifute nikiona."

"Naam, mama." Nikafuta.

"Zimekwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya pipa, nikalifungua akaliona. "Na hilo limwage." Nikalimwaga.

Akajifunga mtandio kama anayeondoka, kisha akageuka. "Na hiyo ndiyo ya pekee?"

Tukapanda daladala ya Wawi.