Kupima utando wa ndani wa mishipa kwa mgonjwa wa selimundu

Mishipa yote ya damu imetandikwa kwa ndani tabaka moja la seli, utando uitwao endotheliamu. Damu ikipita kwa kasi, seli hizi hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza misuli ya mshipa ili upanuke. Kwa mwenye selimundu gesi hiyo hupungua kwa njia mbili. Seli nyekundu zikipasuka, himoglobini inayomwagika kwenye plazma huinasa, na kimeng'enya cha arjinesi kinachotoka humo humo huila arjinini, ambayo ndiyo malighafi ya gesi hiyo.

Kipimo cha kuona jinsi utando huo unavyoupanua mshipa kilitangazwa mwaka 1992 na David Celermajer na wenzake wa London. Unabana kigasha kwa dakika 5, unaachia, damu inarudi kwa kasi, kisha unaangalia kwa altrasaundi ateri ya mkono imepanuka kwa asilimia ngapi. Muhimbili, Dar es Salaam, kilitumika kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye selimundu, katika utafiti wa chakula cha lishe chenye arjinini na sitrulini uliochapishwa mwaka 2018.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu vipimo vingi. Mgonjwa asile kwa angalau saa 6, asinywe chai wala kahawa, asivute sigara, asifanye mazoezi mazito tangu jana yake. Maji anywe, tena tumsisitize, kwa sababu upungufu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makali ya selimundu. Mpange awe wa kwanza asubuhi. Chumba kiwe nyuzi 22 hadi 24, na kiyoyozi kisimpulize: baridi hubana mishipa na hiyo pia inaweza kuamsha maumivu. Mwenye maumivu au homa siku hiyo arudishwe nyumbani na kupangiwa tarehe nyingine. Anayepimwa alale chali dakika 10 hadi 20, kimya, bila simu.

Mkanda wa kubana ufungwe kwenye kigasha, chini ya kiwiko. Ukiufunga juu ya kiwiko ateri hupanuka zaidi na namba inapendeza, lakini sehemu kubwa ya upanukaji huo haitokani na nitriki oksaidi. Proba, yaani kichwa cha altrasaundi kinachogusa ngozi, iwe bapa, ya megahezi 7 au zaidi, sentimita chache juu ya kiwiko, na ishikwe na stendi. Mkono wa mtu hauwezi kutulia muda wote huo. Tafuta picha ya ateri kwa urefu, kuta zote mbili zikionekana kama mistari iliyokolea, na pembe ya dopla (sehemu ya altrasaundi inayopima kasi ya damu) isizidi nyuzi 60. Rekodi dakika 1 ya mwanzo. Jaza mkanda hadi milimita 50 za zebaki zaidi ya namba ya juu ya presha ya mgonjwa: mtoto mwenye namba ya juu ya 105 anatosha na 155. Kumpandisha hadi 250 ni kumtesa bure, naye akijikunja picha imepotea. Baada ya dakika 5 achia ghafla, rekodi hadi dakika 3. Wengi hufikia kilele kati ya sekunde 45 na 80, lakini wapo wanaochelewa, kwa hiyo kupima sekunde ya 60 peke yake ni kosa.

Sasa angalia hesabu. Ateri ya mtoto ina milimita 2.80, ikafika 3.02. Tofauti ni 0.22, gawanya kwa 2.80, unapata asilimia 7.9. Ukikosea ukuta kwa milimita 0.1 tu kwenye kilele, jibu linaweza kushuka hadi 4.3, na mtoto mwenye utando mzuri anaonekana ana utando mbovu. Hapo ndipo programu ya kompyuta ya kutambua kingo za ateri kwenye picha inapolipa gharama yake. Kipenyo kipimwe moyo ukiwa umelegea, kwa kufuata ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

Selimundu ina mtego wake mwingine. Kwa kuwa mgonjwa ana upungufu wa damu, damu yake ni nyepesi na hukimbia haraka hata akiwa amepumzika, hivyo mshipa unaweza kuwa umepanuka tayari na msukumo unaoupata si sawa na wa mtu mwingine. Asilimia peke yake haitoshi. Rekodi kasi ya damu kabla na mara baada ya kuachia, pamoja na kiwango cha himoglobini cha siku hiyo.

Nitrogliserini, dawa ya kupanua mishipa, ikiwekwa chini ya ulimi, kwa mtu mzima mg 0.4, huonyesha kama misuli yenyewe ya mshipa bado inalegea. Misuli ikishindwa kulegea, usiulaumu utando. Kabla ya kumpa dawa hiyo, subiri dakika 10 kwanza ateri irudi ilivyokuwa. Usimpe mwenye presha ya chini wala anayetumia sildenafili, ambayo nayo hupanua mishipa.

Kwenye ripoti andika kipenyo cha mwanzo kwa milimita, asilimia, muda wa kilele, mkono uliopimwa, saa, na dawa zote, hasa haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Kipimo cha marudio kifanyike mkono ule ule, saa ile ile, na mpimaji yule yule.