Kistari kilichonishikilia siku tatu

Nimemaliza kukagua maelezo ya kontrola ya USB ya bodi yetu, na furaha niliyo nayo sijaionja tangu nianze kazi hii hapa Kisumu. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa nusura uniharibie kila kitu.

Bodi inasoma mizani ya samaki ufuoni Dunga na kuhifadhi uzani kwenye flashi. Kijana ninayefanya naye kazi aliandika draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, pamoja na faili la YAML linaloweka kanuni za jinsi kifaa kinavyoelezwa kwa keneli, kiini cha mfumo wa Linux: anwani za rejista, intarapti, saa ya mapigo, umeme wa mlango. Maelezo yenyewe, ambayo keneli huyasoma, hukaa kwenye faili la bodi. Kukagua kukawa kwangu. Kwanza nilimfutia sifa iliyoeleza tabia ya draiva, maana faili hilo ni la kifaa. Nikamwambia pia pachi (kifurushi cha mabadiliko) ya maelezo itangulie ile ya draiva.

Taabu ilianza na make dt_binding_check, amri inayokagua faili la YAML pamoja na mfano ulio ndani yake. Kijana alikuwa ameweka additionalProperties: false, yaani sifa isiyotajwa katika faili ikataliwe, kikaguzi kikakataa dr_mode, sifa inayosema kama mlango ni host (unaoongoza vifaa vingine), peripheral (unaoongozwa) au otg (unaoweza kuwa vyote viwili). Nikampigia rafiki yangu wa Nakuru. "Omera, weka true, hizo kelele zitaisha." Zikaisha kweli.

Lakini flashi haikuonekana. Nikabadilisha kebo. Nikanunua flashi nyingine mbili, mia saba au mia nane hivi kila moja. Nikapima volti 5 mlangoni, zipo. Siku ya tatu, stima imepotea Kondele yote na kompyuta inakaribia kuzima, nikasoma faili la bodi herufi kwa herufi. Kijana aliandika dr-mode! Kistari cha kati mahali pa kistari cha chini. Simlaumu, kwani sifa karibu zote huandikwa kwa kistari cha kati. Hii ni ya zamani, ikabaki hivyo. Keneli haikuitambua, ikachukua otg, mlango ukakaa unasubiri. Na kikaguzi, ambacho kingetuambia kwa sekunde chache, mimi mwenyewe nilikuwa nimekiziba mdomo kwa ile true.

Dawa ilikuwa unevaluatedProperties: false. dr_mode imetajwa katika usb-drd.yaml, ambalo faili letu linalirejelea kwa $ref. AdditionalProperties haitazami huko, hii inatazama. Kelele za kikaguzi usizinyamazishe kabla hujajua zinalalamikia nini.

Tangu hapo nina mbinu ninayoipenda sana. Kabla ya kupitisha faili, nauharibu mfano wake makusudi: nakosea jina la sifa moja, naondoa saa, kisha naendesha kikaguzi. Kikinyamaza, faili linarudi kwa mwandishi.

Jioni stima iliporudi nilirudisha dr-mode ile ile ndani ya mfano, na kikaguzi kikaitaja kwa jina. Tukairekebisha kwenye faili la bodi, kijana akachomeka flashi, na sda, jina ambalo Linux iliipa flashi hiyo, ikatokea.