Kagunga hadi Nyarugusu, safari ya kipindupindu 2015

Mwezi wa tano 2015 tuliitwa manesi kadhaa kutoka Tabora twende tukaongeze nguvu Kigoma. Burundi kulikuwa kumechafuka tangu Aprili baada ya Nkurunziza, rais wao wa wakati huo, kutangazwa kugombea muhula wa tatu, na wakimbizi walikuwa wanavuka kuja kwetu kwa maelfu. Tukapanda treni ya Reli ya Kati, behewa limejaa mpaka kwenye korido, Urambo, Kaliua, Uvinza kwenye chumvi, halafu mwisho wa reli Kigoma. Hatukukaa hata kupumzika, tukapelekwa ziwani.

Mtu ambaye hajafika Kagunga ni ngumu kumuelezea. Ni kijiji cha wavuvi kwenye mpaka kabisa, mbele ziwa, nyuma mlima umesimama wima, barabara ya gari wakati ule haikuwepo. Hapo ndo walikuwa wamejazana watu zaidi ya 50,000. Wa kuwatoa ni Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani 1913, inachukua kama watu 600 kwa safari, na Kagunga hakukuwa na gati kwahiyo inasimama huko majini watu wanapelekwa na boti ndogo, wamama na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Piga hesabu mwenyewe, 600 kwa 50,000. Waliobaki wanalala mchangani, wanakunywa maji ya ziwa, wanaoga humo humo, na vyoo vya kutosha hakuna. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Kufikia wiki ya tatu ya Mei UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, walishatangaza wagonjwa kama 3,000 na vifo 31, wawili kati yao Watanzania.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vitanda vya kipindupindu vina tundu katikati, chini ndoo, na kila ndoo ikijaa unaandika kiasi maana kinachotoka lazima kirudishwe. Kinyesi kinakuwa kama maji ya mchele. Unamfinya mtu ngozi ya tumbo, unaachia, ngozi inabaki imesimama, macho yameingia ndani, hapo huna muda wa kuuliza jina. Mtu wa kilo 50 aliyekauka hivyo anahitaji lita 5 za dripu ya Ringer ndani ya masaa matatu, na lita moja na nusu ya kwanza iingie kwenye nusu saa, sasa mshipa wenyewe umelala hauonekani. Nakumbuka bibi mmoja aliyeletwa na wajukuu wamembeba kwenye blanketi, mkono mmoja tukakosa mshipa, wa pili tukapata, nikaikamua ile chupa kwa mikono, na kabla masaa mawili hayajaisha akafumbua macho akaomba maji kwa Kirundi. Nesi mwenzangu Muha, mwenyeji wa Kigoma, ndo alimuelewa, Kiha na Kirundi ni ndugu, na nawaambia ukweli wale manesi wa Kigoma walibeba ile dharura kuliko watu wanavyojua. Mgonjwa anayeongeleshwa kwa lugha ya mama yake anakubali kunywa.

Baadae tukahamia kambi ya Nyarugusu kufuata wagonjwa na wakimbizi wenyewe, Kigoma mpaka Kasulu halafu Makere, vumbi jekundu limetuingia mpaka kwenye meno. Kambi hii ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, walikuwepo karibu 60,000 na mwaka ule idadi ikapita 150,000. Shule na makanisa yaligeuzwa mabweni. Na pale ndo nilipata somo ninalotaka kulisema kwa nguvu zote, kwamba dripu inaokoa aliyefika hemani kwetu kutibiwa, ila anayezuia mtu asifike hemani amekauka ni jirani yake aliyefundishwa.

Tuliwafundisha wahudumu wa jamii chini ya turubai, wengi Wakongo wa siku nyingi kambini na Warundi waliofika juzi tu. Paketi moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji safi, sio nusu lita eti iwe kali. Paketi ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita. Klorini ya kunawa mikono asilimia 0.05, ya kinyesi na matapishi asilimia 2, ukikosea ukatumia moja mahali pa nyingine unaunguza watu au huui kitu. Tulirudia kwa ndoo na vijiko mpaka kila mtu akafanya mwenyewe mbele ya wenzake. Mama mmoja wa Fizi huko Kongo, mtu mzima, akanyoosha mkono, "Sista, mtoto akitapika yote niliyomnywesha nafanyaje?" Nikamwambia mama, subiri dakika kumi, anza tena kijiko kimoja kimoja taratibu. Akasema basi anaenda kukaa na kila mzazi wa mtaa wake mpaka waone kwa macho, maana wakiambiwa tu watakata tamaa mtoto akitapika mara ya kwanza. Na alikwenda kweli, hema kwa hema, kikombe na kijiko mkononi. Kutoka mtaa wake walianza kuletwa watoto wanaotembea wenyewe, sio waliobebwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni posho ya wale wahudumu wa jamii. Walikuwa wanaanza alfajiri, wanagusa matapishi ya watu, halafu malipo yanachelewa wakati magari ya mradi yanajazwa mafuta bila shida. Anayepanga bajeti ya dharura aweke hao watu juu kabisa ya karatasi, kabla ya semina za hotelini.

Juni ikaja chanjo ya kunywa, dozi mbili, na wahudumu wale wale ndo waliopita mitaani kuhesabu watu na kujibu maswali, maana wengine walishaanza kusikia kwamba chanjo inafunga uzazi. Foleni ikajaa. Oktoba kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kupunguza msongamano, baadhi ya tuliowafundisha wakahamia huko na wakaanza kufundisha wenzao, na mama wa Fizi aliachiwa daftari la mtaa pamoja na vijana wawili wa Kirundi wa kumsaidia.